Asilimia 10 Mezani, Shilingi Ngapi Mfukoni? Majibu kwa Wahadhiri

Barua za mwezi huu, kutoka Njoro hadi Bondo, karibu zote zinauliza kuhusu CBA, yaani mkataba wa pamoja ambao chama cha wafanyakazi hutia saini na mwajiri. Maswali tumeyafupisha na majina ya waandishi tumeyaacha.

Katibu wa tawi letu anasema majadiliano yako Nairobi. Usimamizi wa chuo nao unatuambia tuketi nao hapa hapa. Tumsikilize nani? – Mhadhiri, Njoro

Wasikilize wote wawili, kwa maana meza ni mbili. Meza kubwa ni ya kitaifa. Upande mmoja hukaa UASU, chama cha wahadhiri. Upande wa pili hukaa jukwaa la mabaraza ya vyuo vikuu vya umma, IPUCCF, lililo chini ya shirikisho la waajiri, FKE. Mshahara wa kimsingi na marupurupu ya nyumba hupangwa hapo, kwa vyuo vyote vya umma, kuanzia Egerton na Maseno hadi Kibabii. Wafanyakazi wasiofundisha wana vyama vyao, KUSU na KUDHEIHA, na mikataba yao ni mingine.

Meza ndogo ni ya tawi na chuo chenu. Hapo hujadiliwa mzigo wa saa za kufundisha, vigezo vya kupandishwa cheo, punguzo la karo kwa watoto wa wafanyakazi, matibabu, na nauli ya anayefundisha katika kampasi mbili. Matawi mengi huidharau meza hii kwa kuwa haina kishindo cha mabilioni. Ni kosa. Mhadhiri wa gredi 12 anayecheleweshwa miaka minne kupanda hadi gredi 13 kwa sababu vigezo havijaandikwa sawasawa hupoteza pesa nyingi kuliko zile ambazo nyongeza moja ya kitaifa ingemletea.

Nyuma ya meza kubwa kuna wengine wawili wasioonekana kwenye picha za kutia saini: Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, na Hazina ya Kitaifa. Kifungu cha 230 cha Katiba kinaipa SRC kazi ya kuishauri serikali kuhusu malipo ya watumishi wa umma, na Kifungu cha 259(11) kinaupa ushauri wa namna hiyo nguvu ya kufuatwa. Kwa hiyo mwajiri akiwaahidi asilimia ambayo SRC haijaipitisha, amewaahidi mali isiyo yake.

Hazina nayo ina kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Waraka wa kuanza kutayarisha bajeti hutoka kufikia Agosti 30, taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia Februari 15, na makadirio kufikia Aprili 30. Makubaliano yakifikiwa Mei, pesa hazimo. Itabidi kungoja bajeti ya ziada au mwaka unaofuata. Mkataba wa 2017–2021 ni ushahidi tosha. Ulikuwa umetiwa saini na muda wake umekwisha zamani, na bado wahadhiri waligoma kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, 2025, siku 49, wakidai Sh7.9 bilioni zilizosalia. Walirudi darasani kwa ahadi ya kulipwa kwa awamu mbili, ya kwanza Novemba 2025 na ya pili Julai 2026. Ukitazama, Julai ndiyo mwanzo wa mwaka mpya wa fedha. Haikuchaguliwa kwa bahati.

Nikiambiwa nyongeza ni asilimia 10, mbona hati yangu ya mshahara haipandi kwa asilimia 10? – Mwalimu, Kakamega

Kwa sababu hukuuliza asilimia 10 ya nini. Tuchukue mfano wa mtu mwenye mshahara wa kimsingi wa Sh110,000, nyumba Sh48,000 na usafiri Sh14,000. Jumla Sh172,000. (Tarakimu ni za mfano tu, usizipeleke kwa karani wa mishahara.) Nyongeza ya asilimia 10 kwenye mshahara wa kimsingi pekee ni Sh11,000, ambayo ni asilimia 6.4 ya jumla yake. Nyumba na usafiri havisogei mpaka mkataba uvitaje.

Kisha makato. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, hapo Sh302.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, Sh165. Kama mchango wako wa pensheni ni asilimia 10 ya mshahara wa kimsingi, Sh1,100 zinakwenda huko. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato haya matatu hutolewa kwanza ndipo kodi ihesabiwe, pensheni ikiwa na kikomo cha Sh30,000 kwa mwezi. Zinabaki Sh9,432.50 za kutozwa kodi, na kwa kuwa mtu huyu tayari yuko katika ngazi ya asilimia 30, kodi ni Sh2,829.75. Zinazoingia mfukoni ni kama Sh6,600.

Hata hivyo nyongeza ya mshahara wa kimsingi ndiyo bora kuliko ya marupurupu, maana pensheni huhesabiwa juu yake, nayo michango ya mwajiri hupanda pamoja na yako. Anayekaribia kustaafu asikubali kubadilishana.

Kuna mtego wa pili. Je, hiyo asilimia inajumuisha nyongeza ya kawaida ya kila mwaka, au inakuja juu yake? Mwajiri hupenda kuzihesabu pamoja ili tarakimu ionekane nene. Sentensi moja ndani ya mkataba, “bila kuhusisha nyongeza ya kila mwaka,” huumaliza ubishi wote.

Mtego wa tatu ni kati ya asilimia na kiasi sawa kwa wote. Asilimia 8 humpa wa Sh60,000 nyongeza ya Sh4,800, na wa Sh180,000 humpa Sh14,400. Pengo linapanuka kila mkataba. Ndiyo maana chama chenye vijana wengi huomba mchanganyiko: kiasi sawa kwa gredi za chini, asilimia kwa za juu.

Tunaandaa mapendekezo ya tawi. Usimamizi unasema “hakuna pesa” kabla hata hatujafungua kinywa. Tuna haki ya kuonyeshwa vitabu? – Mjumbe wa kamati, Kisumu

Mnayo. Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, kifungu cha 57, inamtaka mwajiri aliyekitambua chama akipe habari zote muhimu za kukiwezesha kujadiliana vyema. Tatizo ni kwamba kamati nyingi huomba kwa mdomo, na kwa jumla: “tunataka kuona hali ya fedha.” Ombi la namna hiyo hujibiwa kwa hotuba.

Andikeni barua yenye orodha: idadi ya wahadhiri kwa kila gredi na kila hatua ya mshahara, jumla ya mishahara ya miezi 12 iliyopita, mshahara wa kimsingi ukitengwa na marupurupu, mgao kutoka serikalini uliotarajiwa na uliopokelewa, karo iliyokusanywa na inayodaiwa, malipo ya wahadhiri wa muda, na makato yaliyokatwa lakini hayajapelekwa kwenye pensheni, SACCO na benki. Hilo la mwisho lisiachwe. Chuo kinachokalia makato ya wafanyakazi kwa miezi kadhaa kinajikopesha kwa pesa zenu bila riba, na deni hilo ni sehemu ya majadiliano, wapende wasipende.

Ile orodha ya gredi ndiyo silaha. Ukiwa na idadi ya watu katika kila hatua, unaweza kukokotoa gharama ya kila pendekezo lenu wenyewe: watu mara nyongeza mara miezi 12, kisha uongeze mchango wa pensheni wa mwajiri na asilimia 1.5 anayolipa yeye ya ushuru wa nyumba. Kamati ikiingia chumbani na gharama iliyokokotolewa, mazungumzo huwa juu ya hesabu. Isipokuwa nayo, itapewa hesabu ya mwajiri, na huwezi kukosoa hesabu usiyojua ilivyopikwa.

Halafu maneno ya vipengele. Vipengele vinavyovunjika baadaye huwa na ugonjwa mmoja: havina nani, lini, wala nini kitatokea wasipotimiza. “Chuo kitajitahidi kushughulikia upandishaji vyeo kwa wakati” ni maneno ya harusini. Andikeni kwamba ombi likikamilika, ofisi ya usajili ilithibitishe kwa maandishi ndani ya siku 14, mahojiano yafanyike ndani ya siku 90, na atakayefaulu alipwe kuanzia tarehe ombi lilipokamilika hata kama barua imechelewa. Siku ni zenu kuchagua. Tarehe ya kuanza kulipwa ndiyo ya kung’ang’ania, kwa kuwa ikikosekana, kila mwezi wa kuchelewa ni faida kwa chuo.

Na muhtasari wa kila kikao usainiwe kabla ya kikao kinachofuata kuanza. Pande mbili zikiwa na kumbukumbu mbili, msuluhishi hataamini yoyote.

Tulitoa notisi ya siku saba na bado tukaambiwa mgomo si halali. Kosa letu liko wapi? – Mhadhiri, Bondo

Siku saba ni ngazi ya mwisho, na wengi huipanda wakiwa wameruka zilizotangulia. Mgomo hulindwa na sheria iwapo mgogoro unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, umepitia usuluhishi bila kupatanishwa, na notisi ya maandishi ya siku saba imetolewa. Yote matatu kwa pamoja.

Mwendo wenyewe ni huu. Chama huripoti mgogoro kwa Waziri wa Leba kwa maandishi. Waziri ana siku 21 za kuteua msuluhishi. Msuluhishi ana siku 30, ambazo pande zote zikikubali huongezwa. Akishindwa hutoa cheti kwamba mgogoro haujatatuliwa. Asipotoa na siku 30 zikapita, sheria huuhesabu kuwa haujatatuliwa. Hapo ndipo notisi inaanza kuwa na maana. Kwa hiyo tawi lililoamua kugoma mwanzo wa muhula linapaswa kuwa limeripoti miezi miwili kabla. Anayeripoti leo na kugoma Jumatatu anampa wakili wa mwajiri kazi rahisi.

Yako makosa madogo yanayozamisha jahazi. Notisi inapelekwa kwa naibu chansela peke yake, na Waziri hana nakala. Notisi inasainiwa na mtu ambaye katiba ya chama haimpi mamlaka. Malalamiko yaliyoripotiwa ni malimbikizo, lakini kwenye notisi yameongezwa vyeo, bima na kuondolewa kwa msimamizi fulani. Yale mapya hayajapita kwa msuluhishi. Au pande mbili zilikwisha kukubaliana kwamba mgogoro wa aina hiyo upelekwe kortini au kwa mwamuzi, na hapo mgomo umefungwa na saini yenu wenyewe. Someni mkataba wa kutambuana, ule ambao mwajiri alikubali kukitambua chama, kabla ya kusoma notisi.

Siku zihesabiwe tangu notisi ilipopokelewa. Mihuri ya kupokelewa, yenye tarehe na saa, iwe kwenye nakala zenu. Korti ya Leba ikitoa amri ya kusimamisha mgomo, simamisheni kwanza, halafu mkaipinge kwa njia ya sheria. Viongozi waliopuuza amri hushtakiwa wao binafsi kwa kudharau mahakama, na kesi ya mishahara hufunikwa na kesi yao.

Tukigoma tunalipwa? – Mwalimu, Kisii

Sheria haimlazimishi mwajiri kulipa siku ambazo hamkufanya kazi, hata mgomo ukiwa halali. Tofauti ni kwamba katika mgomo halali hufutwi kazi kwa kugoma. Katika usio halali unahesabiwa kuwa umevunja mkataba wako na waweza kuadhibiwa. Kwa desturi mshahara wa siku za mgomo huamuliwa katika makubaliano ya kurejea kazini, kwa kubadilishana na masomo ya fidia. Hakikisheni imeandikwa humo, pamoja na kipengele cha kutomwadhibu yeyote. Mwenye mkopo aandikie SACCO yake mapema, maana riba haigomi.

Mimi si mwanachama, na sitaki kuwa. Kwa nini nakatwa pesa za chama? – Mhadhiri, Eldoret

Hiyo ni ada ya uwakala. Asiye mwanachama anayenufaika na mkataba uliojadiliwa na chama anaweza kukatwa, mradi kuna agizo la Waziri. Omba ofisi ya mishahara ikuonyeshe agizo hilo. Bila hilo makato hayana msingi. Aliyejitoa chamani kwa barua hukoma kukatwa ada ya uanachama, ila anaweza kuendelea kukatwa hii ya uwakala.

Nafundisha kwa mkataba wa muhula. CBA inanihusu? – Mhadhiri wa muda, Bungoma

Mara nyingi hapana. Mkataba wa pamoja huwafunika wafanyakazi waliotajwa kwenye makubaliano ya kutambuana, na wahadhiri wa muda kwa kawaida huachwa nje. Dai lako linasimama juu ya barua yako ya uteuzi, na hapo ndipo wengi huteleza: wanaanza kufundisha wiki ya kwanza kwa simu ya mwenyekiti wa idara, barua inakuja wiki ya tisa au haiji kabisa.

Usiingie darasani bila barua inayotaja kozi, saa na kiwango kwa saa. Tunza daftari la mahudhurio lililosainiwa na mwakilishi wa wanafunzi, ratiba iliyobandikwa, na uthibitisho wa kupokelewa kwa alama, wenye tarehe. Jaza fomu ya madai muhula ukiisha na ubaki na nakala yenye muhuri wa idara na wa mkuu wa kitivo. Fomu nyingi hazikataliwi, hulala kwenye trei kati ya ofisi hizo mbili. Madai ya ajira yana kikomo cha miaka 3. Anayengoja kwa adabu mwaka wa nne huambiwa amechelewa, hata deni likiwa la kweli. Korti ya Leba ina kituo huko huko Bungoma, na nyingine Kisumu, Eldoret na Nakuru.

Tawi likiwa na moyo, linaweza kuleta kipengele chenu kwenye meza ndogo: malipo ndani ya siku kadhaa baada ya alama kupokelewa. Ni kwa manufaa yao pia. Chuo kinachoweza kumkopa mhadhiri wa muda bila adhabu hakina haja ya kuajiri wa kudumu.

Chuo chetu ni cha kibinafsi na usimamizi unasema haututambui. Tuanzie wapi? – Wahadhiri, Kisumu

SRC haiwahusu, na huo ni mzigo mmoja mmeepuka. Kizingiti chenu ni idadi. Mwajiri analazimika kutambua chama kinachowakilisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Mkiwa wahadhiri 140, na 20 kati yao ni wasimamizi, hesabu ni ya 120 na mnahitaji 61. Lengeni 75, kwa sababu baadhi watajitoa wakiitwa ofisini, na mikataba ya wengine itaisha.

Kila mmoja ajaze Fomu S, ya kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Kusanyeni haraka, wiki mbili tatu, mpeleke zote siku moja na barua ya kuomba kutambuliwa, mkibaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata. Akikataa kuwatambua, mgogoro hupelekwa kwa msuluhishi, kisha kortini. Tarajieni ubishi kuhusu nani ni “msimamizi”: ghafla kila mwenye kuratibu kozi atapewa cheo. Kinachotazamwa ni kazi yake. Kama haajiri, haadhibu wala haamui bajeti, barua yenye jina kubwa haimtoi kwenye hesabu.

Mkataba ukishasainiwa, kazi imekwisha? – Mweka hazina wa tawi, Maseno

Bado. Lazima upelekwe Korti ya Leba kusajiliwa ndani ya siku 14, na ni usajili unaoufanya uweze kutekelezwa. Kazi ya kuupeleka ni ya mwajiri, lakini akizembea chama kinaruhusiwa kuupeleka chenyewe. Wekeni siku ya 15 kwenye kalenda. Tarehe ya kuanza kutumika yaweza kuwa ya nyuma, kama mlivyokubaliana, na hapo ndipo malimbikizo yanapozaliwa. Ukishasajiliwa, masharti yake huingia kwenye mkataba wa kazi wa kila mhadhiri anayefunikwa nao.

Malimbikizo yenyewe myakague. Mtu anayedai Sh180,000 na yuko katika ngazi ya kodi ya asilimia 30 atakatwa SHIF Sh4,950, ushuru wa nyumba Sh2,700 na kodi Sh51,705, abaki na Sh120,645 kabla ya pensheni na ada ya chama. Akipata pungufu sana ya hapo, aulize. Makosa ya kawaida ni matatu: aliyepanda cheo katikati ya kipindi amehesabiwa kwa gredi ya zamani hadi mwisho; aliyekuwa likizo ya masomo yenye mshahara ameachwa; na aliyestaafu au kuhamia chuo kingine hayumo kwenye orodha kabisa, kwa kuwa karani ameanza na orodha ya wafanyakazi wa leo. Mweka hazina aombe orodha ya kila mwezi wa kipindi cha mkataba na ailinganishe na ya malipo, jina kwa jina, kabla pesa hazijatumwa benki.